Wahudumu 24, Tabora na Kigoma: laini ya Mbps ngapi itabeba simu, kusikiliza na kurekodi?

Cheyo_Mtandao

Wakuu, naombeni msaada wa hesabu kabla mkataba wa laini haujasainiwa.

Ni kituo cha simu cha wakulima: pembejeo, mikopo, malipo ya tumbaku. Wahudumu 18 wako Tabora mjini, 6 wako Kigoma, Mwanga. PBX, yaani mtambo wa kugawa simu, ni programu ya Asterisk na imekaa Tabora. Simu za mezani za Kigoma zinajisajili kwenye PBX hiyo kupitia handaki la WireGuard (VPN, njia iliyosimbwa juu ya intaneti). Kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ni G.711, trunki ya SIP, yaani laini ya mtandao inayoleta simu za wateja, inatoka Dar. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa tunategemea simu 240 kwa saa, kila moja dakika 4 za mazungumzo, na kabla ya hapo mteja anakaa dakika 1 hivi kwenye menyu na foleni.

Makao makuu Dar wanataka mambo matatu. Kila simu inakiliwe mubashara kwenda kwenye kinasa sauti chao huko Dar kwa SIPREC, itifaki ya kutuma nakala ya simu. Watu 3 wa kitengo cha ubora wasikilize simu zikiendelea. Na skrini za wahudumu zirekodiwe.

Ofa niliyonayo mezani imeandikwa "10 Mbps". Muuzaji kapiga hivi: G.711 ni kbps 64, mara 24 ni Mbps 1.5, kwa hiyo laini inatosha mara sita na chenji inabaki. Hesabu hii imeacha nini? Laini ya akiba ni 4G.

MzeeWaFoleni

Mkuu, imeacha karibu kila kitu. Twende taratibu.

Kwanza hiyo 64. Ni sauti tupu, na sauti tupu haisafiri. G.711 kwa kawaida inakatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa sekunde, kila moja na baiti 160 za sauti. Halafu inavaa vichwa vya itifaki za kusafirishia: RTP baiti 12, UDP 8 na IP 20. Barua ni 160, bahasha ni 40. Kwa hiyo 200 × 50 × 8 = kbps 80, kila upande. Ukipima kwenye poti ya swichi utaona 87.2, kwa sababu Ethernet inaongeza baiti 18. Kwenye handaki la WireGuard pakiti ya ndani inajazwa mpaka igawanyike kwa 16, 200 inakuwa 208, kisha inavishwa baiti 60 nyingine. 268 × 50 × 8 = 107.2. Mhudumu wa Kigoma tayari ni ghali kuliko wa Tabora kabla hajasema "habari za asubuhi".

Pili hiyo 24. Trunki haihesabu wahudumu, inahesabu wateja. Mkulima anayesikiliza muziki wa foleni anakula kbps 80 zilezile za anayeongea. Simu 240 × dakika 5 ÷ 60 = Erlang 20, yaani wastani wa simu 20 kwa wakati mmoja. Kwenye jedwali la Erlang B, ukikubali simu 1 kati ya 100 ikute laini zimejaa, Erlang 20 inataka chaneli 30. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia, na ndiyo namba ya chaneli za kununua kwa mwenye trunki pia.

Tatu, Kigoma. PBX yako ipo Tabora, kwa hiyo simu ya mhudumu wa Mwanga inaingia Tabora ikitoka Dar, inageuka, inatoka tena kwenda Kigoma. Sauti ya mhudumu inarudi njia hiyohiyo. Laini ya Tabora inalipia simu hiyo mara mbili.

Nne, nakala. Watu wengi wanadhani kurekodi simu moja ni kuongeza mkondo mmoja. SIPREC inatuma miwili, wa mteja peke yake na wa mhudumu peke yake, na yote miwili inaelekea upande mmoja: nje. Hakuna kinachorudi isipokuwa vijimeseji vya SIP.

Sasa upande wa kupakia kutoka Tabora, kwa kbps:

Trunki: 30 × 80 = 2,400
Kigoma: 6 × 107.2 = 643
Wasikilizaji wa Dar: 3 × 107.2 = 322
Jumla bila kurekodi mubashara: 3,365
SIPREC kwenda Dar ndani ya handaki: 24 × 2 × 107.2 = 5,146
Jumla kuu: 8,511

Skrini hazimo. Barua pepe hazimo. Kanuni ninayoshauri ni kwamba sauti na nakala zake zisizidi asilimia 75 ya laini, kwa hiyo kwenye Mbps 10 mwisho wako ni 7,500. Umeshapita.

Na swali ambalo muuzaji hajajibu: hiyo 10 ni ya kupakua tu, au ya kupakia pia?

Isevya_SIP

Mbona mnajipa kazi. Badilisheni kodeki iwe G.729, kbps 8 badala ya 64. Hataza zake ziliisha 2017, ni bure. Laini ileile inabeba mara nane.

BintiUjiji

Haibebi mara nane, kaka. G.729 ina baiti 20 za sauti kwa pakiti, bahasha bado ni 40. Hapo bahasha ni nzito kuliko barua. Unapata kbps 24 kwenye IP, siyo 8. Ukiipitisha kwenye WireGuard, 60 inajazwa kuwa 64, ongeza 60, mara 50, mara 8: unafika 49.6. Dhidi ya 107.2 umeokoa nusu tu, siyo saba ya nane.

Na gharama yake inaangukia hasa kwenye kurekodi. MixMonitor, kirekodi cha Asterisk, haiwezi kuchanganya G.729 ikiwa imefungwa, lazima Asterisk iifungue kila pakiti ya kila simu. Ikiwa haina moduli ya kodeki hiyo, simu yenyewe itapita vizuri lakini rekodi haitapatikana. Ikiwa nayo, prosesa inafanya kazi mara mbili. Muziki wa foleni nao kwenye G.729 unasikika kama redio iliyotumbukia majini, maana kodeki hiyo imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayeongea. Kitengo cha ubora wakija kutaka mashine iandike mazungumzo kwa maandishi, sauti iliyobanwa hivyo inawapa makosa mengi zaidi, na Kiswahili cha mkulima wa Urambo chenye Kinyamwezi ndani yake ni kigumu kwa mashine hata kikiwa safi.

Kama lazima kubana, bana kwenye pakiti: G.711 ya milisekunde 40 badala ya 20 inashuka kutoka 107.2 hadi 85.6 ndani ya handaki, kwa mguu wa Kigoma tu. Bei yake ni kwamba pakiti moja ikipotea, zinapotea milisekunde 40 za sauti badala ya 20.

Halafu mwenye mada, fanya traceroute (orodha ya ruta ambazo pakiti inapita) kutoka Mwanga kwenda anwani ya ofisi ya Tabora. Watoa huduma wakiwa tofauti, usishangae pakiti ikashuka hadi Dar ndipo ipande tena Tabora. Kwenye mkongo hesabu milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000 kwa upande mmoja, kwa hiyo umbali peke yake haukuui. Mpaka wa ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) ni milisekunde 150 mdomoni hadi sikioni. Kinachoua ni ruta za njiani na foleni zao. Kama kuna kipande kinachopita satelaiti ya juu kabisa, ile ya kilomita 35,786, hapo kama milisekunde 240 zinaliwa na anga peke yake na mteja ataanza kuongea juu ya mhudumu.

Cheyo_Mtandao

Asanteni. Nimemrudia muuzaji: ni 10 kupakua, 5 kupakia. Imeandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa tatu.

Kwa hiyo SIPREC imekufa? Dar wameshanunua kinasa.

MzeeWaFoleni

Haijakufa, imewekwa mahali pasipo pake. Sauti inaguswa wapi? Hilo ndilo la kuamua, Mbps zinafuata baadaye.

Trunki yako inatoka Dar. Kila neno la mkulima linapita Dar kabla ya kufika Tabora, na kila neno la mhudumu litapita Dar likirudi. Sasa kwa nini ulipandishe Tabora, ulinakili Tabora, halafu ulirudishe Dar kwa laini ya kupakia yenye Mbps 5? Wekeni SBC, kile kifaa cha mpakani, palepale Dar jirani na kinasa. Trunki ishukie kwenye SBC. SBC inakata mikondo miwili kwenda kwenye kinasa kwa kebo ya mita mbili. Tabora haijui kama kuna kurekodi. Mguu wa SBC hadi Tabora upitishe kwa SRTP (RTP iliyosimbwa) badala ya handaki: unaongeza baiti 10 tu kwa pakiti, kbps 84 badala ya 107.2. Hapo 30 × 84 = 2,520, ongeza Kigoma 643 na wasikilizaji 322, jumla 3,485. Kwenye Mbps 5 ni asilimia 70.

Mtu atauliza, je, laini ikikatika rekodi za Dar hazipotei? Laini ikikatika simu yenyewe imekatika. Hakuna cha kurekodi.

Unachopoteza kweli ni viwili. Simu za ndani, Tabora kwenda Kigoma, hazifiki Dar, kwa hiyo hazirekodiwi. Kama msimamizi akipokea simu ngumu na mnataka ushahidi wa alichomnong'oneza mhudumu, hakipo. La pili ndilo linalosumbua zaidi: SBC haimjui mhudumu. Inajua namba ya mkulima na namba mliyopigiwa, basi. Rekodi zitafika bila jina la aliyepokea. Dawa ni kuoanisha Call-ID ya SIP kwenye kinasa na kumbukumbu za simu za Asterisk, na ili hilo lifanye kazi saa za seva zote lazima ziwe zinafuata NTP, saa moja ya mtandao. Tofauti ya sekunde 40 kati ya seva mbili inatosha kumpa mhudumu mmoja matusi aliyotukanwa mwenzake.

Kama Dar hawataki SBC, njia ya pili ni kurekodi Tabora kwa MixMonitor na kusafirisha mafaili usiku. Wenye uzoefu wa diski waseme hapo.

Isevya_SIP

Nimekubali yaishe kuhusu G.729. Diski nitasema mimi.

Chukua hali mbaya kabisa: kilele kinadumu saa 9 mfululizo. Simu 240 × dakika 4 ni saa 16 za mazungumzo kila saa, kwa siku ni saa 144. WAV ya Asterisk ya biti 16 ni MB 57.6 kwa saa, kwa hiyo GB 8.29 kwa siku. Ukihifadhi kama alaw ni nusu, GB 4.15. Ukitaka mteja na mhudumu kwenye chaneli mbili tofauti, zidisha kwa mbili, na mimi ningeshauri muwe nazo, maana watu wawili wakiongea kwa pamoja kwenye faili lililochanganywa hutenganishi tena. Kwenye MixMonitor chaguo la r na t vinakupa mafaili mawili. Kubana kuwa MP3 ya kbps 32 kunashusha chaneli moja hadi MB 14.4 kwa saa, GB 2.07 kwa siku. Fanyeni ubanaji baada ya saa za kazi na kwa nice (amri ya kushusha kipaumbele), la sivyo prosesa itagombania na simu.

Kusafirisha: GB 4.15 kwa Mbps 4 ni saa 2 na dakika 18. WAV ni saa 4 na dakika 36. MP3 ni saa 1 na dakika 9. Kwa chaneli moja, zote zinaingia kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri.

rsync -a --partial --bwlimit=488 /var/spool/asterisk/monitor/tayari/ kinasa:/hifadhi/tabora/

Hapo kwenye bwlimit ndipo watu wanaumia. Inahesabu kilobaiti, siyo kilobiti. 488 ni Mbps 4. Mtu anayeandika 4000 akidhani ni kbps ameomba karibu Mbps 33, na rsync itachukua chochote ilichokuta. Ikitokea kazi ya usiku ikavuka hadi asubuhi, wahudumu wanaanza zamu na sauti za roboti na hakuna anayejua kwa nini.

Folda ya "tayari" nayo siyo mapambo. Usielekeze rsync kwenye folda ambamo simu bado zinaandikwa, utasafirisha nusu ya mazungumzo. MixMonitor inakubali amri ya kuendeshwa simu ikiisha. Tumia hiyo kuhamishia faili "tayari".

Cheyo_Mtandao

Mmoja wa mafundi wa Dar anasema tuachane na SBC na MixMonitor zote, tuwashe poti ya kioo (inayonakili pakiti za poti nyingine) kwenye swichi, kinasa kinyonye pakiti kimyakimya. Kuna ubaya?

BintiUjiji

Ndani ya jengo moja inafaa. Ikitoka nje ya jengo haifai kabisa, maana unasafirisha kila pakiti ikiwa mbichi na bahasha zake zote.

Hata ndani ya jengo angalia haya. Ukiakisi upande wa kuingia peke yake unapata rekodi ya mtu anayejibu maswali ambayo hayasikiki. Ukiakisi VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) nzima kuingia na kutoka, pakiti moja inaonekana mara mbili, na kinasa kisichochuja marudio kinatoa sauti yenye mwangwi. Poti ya Gbps 1 ikiakisiwa pande zote inaweza kuzaa Gbps 2, na poti ya kupokea ni ya Gbps 1: ziada inatupwa, na swichi haikuambii. Kwa sauti peke yake hufiki huko, ila mtu akiweka kompyuta na simu kwenye VLAN moja, kunakili faili kubwa kunatoboa mashimo kwenye rekodi huku simu yenyewe ilikuwa safi. Kitengo cha ubora watalalamikia laini, na laini haina kosa.

Kubwa kuliko yote: direct_media. Ikiwa "yes" kwenye PJSIP, sehemu ya SIP ya Asterisk, simu ya mezani inaweza kuelewana na upande wa pili moja kwa moja, Asterisk ikabaki na SIP tu. Poti ya kioo inayotazama Asterisk itaona simu zikianza na kuisha bila sauti katikati. Weka direct_media=no. Na ukiwasha SRTP kwenye simu za mezani, kinasa cha kunyonya kinapata kelele tupu mpaka kipewe funguo.

MzeeWaFoleni

Turudi kwenye ile Mbps 5, kwa sababu hata ukiwa na asilimia 70 bado sauti inaweza kukatakata. Asilimia 70 ni wastani wa sekunde nyingi, lakini foleni inajaa kwa milisekunde.

Tazama mtu mmoja wa ubora, Dar, anafungua ukurasa wa rekodi uliopo kwenye seva ya Tabora. Anabofya simu ya dakika 10. Anadhani anasikiliza, lakini kivinjari hakisikilizi, kinapakua. Faili la WAV la dakika 10 ni MB 9.6, sawa na megabiti 76.8. Kwenye laini ya kupakia ya Mbps 5 ni sekunde 15 za kuijaza hadi juu. Kwa sekunde 15 hizo wahudumu wote 24 wanasikika wanakatika. Mtu wa ubora anasikia dakika ya kwanza, haipendi, anabofya nyingine. Sekunde 15 tena. Asubuhi nzima inakwenda hivyo, na ukichora grafu ya dakika tano tano huoni kitu.

Dawa ni mbili kwa pamoja. Kwenye nginx (programu inayotoa kurasa hizo), limit_rate 20k, na muunganisho mmoja kwa kila anwani. Hiyo ni kilobaiti 20 kwa sekunde; WAV inahitaji 16 ili icheze bila kusita, na wasikilizaji 3 hawazidi kbps 500. Ya pili ni foleni kwenye ruta yako mwenyewe. Modemu ya mtoa huduma ikiwa na bafa ya KB 256 mbele ya laini ya Mbps 2, ikijaa pakiti ya sauti inasubiri sekunde nzima humo. Kwenye Mbps 5 ni kama milisekunde 420. Huna mamlaka na bafa hiyo, kwa hiyo usiiache ijae: kata laini kwenye ruta yako kuwa 4,500k, foleni ijengeke kwako ambako una uwezo wa kuipanga.

Kwenye MikroTik, ambayo nadhani ndiyo mliyonayo kama ofisi nyingi: queue tree, mzazi ana max-limit 4500k, mtoto wa sauti priority 1 na limit-at 3500k, mtoto wa mengine yote priority 8. Alama unazipa kwa mangle (kanuni za ruta za kutia alama) kwa DSCP 46, lebo ya kipaumbele ya pakiti za sauti. Vipaumbele bila max-limit ya mzazi havifanyi chochote. Na zima FastTrack, njia ya mkato ndani ya ruta, kwa trafiki hii, au yote. Pakiti iliyopita FastTrack haiguswi na mangle, inakwenda bila alama, na utakesha ukitafuta kosa kwenye foleni ambayo haina kosa. Zima pia msaidizi wa SIP kwenye service-port kama PBX yako inajua kuvuka NAT (anwani moja ya nje inayotumiwa na wengi) yenyewe. Mara nyingi msaada wake ndio unaoleta simu za kusikika upande mmoja.

Mtego wa mwisho hapo: WireGuard haihamishi DSCP ya pakiti ya ndani kwenda kwenye bahasha ya nje. Sauti ya Kigoma ina 46 ndani, nje ni 0, ruta inaitupa kwenye foleni ya mengine yote. Ukiamua kuitambua kwa poti ya UDP ya handaki, basi na mafaili yanayopita humo yanapata kipaumbele. Fungua mahandaki mawili kwa poti mbili, moja la sauti tu, jingine la mafaili na kurasa.

Na msitegemee DSCP iheshimiwe nje ya ruta yenu kwenye intaneti ya kawaida. Ndani ya mkataba wa laini ya ofisi kwa ofisi inawezekana, iandikwe.

Cheyo_Mtandao

Na skrini?

MzeeWaFoleni

Zirekodi kwenye diski ya Tabora, Kigoma kwenye kikompyuta cha Kigoma. Programu hizi zinatofautiana sana, na skrini iliyotulia haili kitu ila mtu akisogeza ukurasa mrefu inaruka. Pima zenu: chukua wahudumu 3, saa 2 za kazi halisi, soma poti zao. Wakitoka kbps 300 kila mmoja, 24 ni Mbps 7.2, zaidi ya laini yote ya kupakia. Punguzeni fremu ziwe 3 kwa sekunde, rangi chache, na msirekodi kila simu. Kitengo cha watu 3 hakiwezi kutazama skrini za watu 24.

Kitu cha kuangalia: kama kuna malipo ya kadi, kiwango cha PCI DSS hakiruhusu tarakimu za usalama za nyuma ya kadi zihifadhiwe, hata kama zimetamkwa tu kwenye sauti. Rekodi isimamishwe wakati huo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, inawagusa moja kwa moja: mjisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mkulima aambiwe mwanzoni kwamba simu inarekodiwa na kwa sababu gani. Tangazo hilo likiwa sekunde 10, limeshaingia kwenye ile dakika ya menyu.

BintiUjiji

Kabla ya kusaini, pima laini kwa pakiti ndogo, siyo kwa zile tovuti za kupima spidi. Hizo zinatuma pakiti kubwa, na kuna redio za minara zinazobeba Mbps 10 za pakiti kubwa kwa raha lakini zinakwama pakiti ndogo zikizidi idadi fulani kwa sekunde. Chaneli 30 ni pakiti 1,500 kwa sekunde kila upande:

iperf3 -c seva-ya-dar -u -b 2064K -l 172 -S 0xB8 -t 600

Rudia ukiweka -R kwa upande wa pili. 172 ni baiti 160 za sauti na 12 za RTP. Ifanye Jumatatu saa nne asubuhi, na tena mvua ikinyesha kama kuna kipande cha redio. Kubali kama upotevu uko chini ya asilimia 1 na mtikisiko chini ya milisekunde 30. Angalia pia upotevu umekujaje: pakiti 15 zilizotawanyika hazisikiki, 15 zilizofuatana ni neno zima.

Kuhusu 4G ya akiba. Mara nyingi laini ya simu inakuweka nyuma ya NAT ya mtoa huduma, anwani yako siyo yako. Kama mwenye trunki ameruhusu anwani moja tu, laini kuu ikikatika 4G itawaka, intaneti itafanya kazi, na hakuna simu hata moja itakayoingia. Ombeni trunki ya kujisajili kwa jina na nywila, au ipitisheni trunki ndani ya handaki hadi SBC ya Dar, hapo anwani ya nje haina maana tena. Ruta ikihamia 4G, hati yake izime handaki la mafaili na ipunguze chaneli za trunki. Kwa Mbps 2 za kupakia zilizopimwa mchana, siyo zilizoandikwa kwenye bando, asilimia 75 ni 1,500. Kila simu ndani ya handaki ni 107.2, kwa hiyo simu 14. Ya 15 mpe sauti ya laini imejaa. Ukiiruhusu iingie, inaharibu zile 14.

Cheyo_Mtandao

Nimeelewa. Namrudishia muuzaji: 10 kupakia pia, au bei ishuke. Dar nimewapelekea mchoro wa SBC. Wamejibu wanauliza kama Kigoma nayo inaweza kuunganishwa moja kwa moja na SBC bila kupitia Tabora.

BintiUjiji

Inaweza, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Simu zijisajili kwenye Asterisk ya Tabora kama kawaida ili foleni iwe moja, ila sauti ipite Mwanga hadi Dar. Hapo ile direct_media niliyosema izimwe, unaiwasha kwa wahudumu hao 6 na kwenye trunki ya SBC, bila SRTP hapo maana Asterisk haiachii sauti yenye SRTP ipite moja kwa moja; inawezekana kwa kuwa anayerekodi sasa ni SBC. Laini ya Tabora inapungukiwa kbps 643 za mguu wa Kigoma, na za trunki zinapungua kwa simu 6 pia. Lakini ChanSpy, chombo cha Asterisk cha kusikiliza simu ikiendelea, kwa mhudumu wa Kigoma inalazimisha sauti irudi kwenye Asterisk kwa muda wa usikilizaji, kwa hiyo usifute hesabu yote: bakiza nafasi ya simu 3, idadi ya wasikilizaji. Jaribuni na mhudumu mmoja kwanza, mkisikiliza na kuacha kusikiliza katikati ya simu. Sauti ikipotea upande mmoja wakati wa kuhama, ni re-INVITE (ujumbe wa SIP wa kuhamisha njia ya sauti) inayokwama, na pa kuanza kutazama ni SBC.